Aliyeachwa Nje ya Ishirini

Matumbo ya samaki hayakumtia Maeng Sunbok kinyaa. Wala vyoo vya soko, wala mlevi aliyemtapikia mlangoni asubuhi ya mwaka mpya. Alichukua ndoo, akamwaga maji, akarudi kukanda unga. Kitu kimoja tu kilimchefua: mtu anayempima binadamu mwenzake bei huku mdomo umejaa tambi. Balaa ni kwamba riziki yake ilitoka kwa watu hao hao.

Mgahawa wake wa supu ya tambi na chaza upo hapa sokoni Gunsan, upande wa wauza samaki wakavu. Una meza tano, na katikati pana jiko la mafuta ya taa lenye birika juu na viazi vitamu vikiiva taratibu pembeni. Kuanzia Novemba, msimu wa besiboli ukishafungwa na uwanja umeachiwa ndege, mashabiki wa timu yetu, Korongo wa Gunsan, huhamia kwenye jiko lile. Tunaiita ligi ya jiko. Haina mpira, haina gongo, haina anayetoka jasho. Ina midomo tu. Nani auzwe, nani anunuliwe, nani ameoza, nani analipwa asichostahili. Watu wasioweza kupanda ngazi za benki bila kupumzika katikati ndio wanaomwita kijana wa miaka ishirini na mitano mvivu. Nimekaa nao miaka mingi, nimekula viazi vyao, na nasema bila kupepesa macho kwamba hakuna kiumbe mchafu wa mdomo kama shabiki wa besiboli wakati wa baridi.

Na mtoto wa pekee wa Sunbok, Yeo Jinseop, alikuwa mchezaji wa Korongo.

Si nyota, lakini. Hapo ndipo penye kidonda.

Sunbok alifiwa na mume wakati Jinseop yuko darasa la tatu, na mtoto aliingia besiboli kwa sababu shule iligawa maziwa kwa watoto wa timu. Alipofika sekondari ya juu, wachezaji walilala bwenini na mama zao waliwapikia kwa zamu. Ndivyo ilivyo kwetu, wala hakuna mwalimu aliyewahi kuamuru. Jikoni mle kila mama alikaa kulingana na mwanawe. Mama wa mrushaji hodari alikaa karibu na mlango, kocha anapopita, kazi yake kuonja chumvi. Mama wa mtoto wa benchi alikaa mwisho kabisa, chini, na gunia la vitunguu saumu. Sunbok alimenya vitunguu saumu miaka miwili. Vidole vyake vilinuka hadi kwenye harusi za watu. Siku Jinseop alipopangwa kwa mara ya kwanza kulinda kituo cha pili, mama mmoja alimsogezea kiti bila kusema neno, akampa mwiko. Sunbok akakoroga supu huku akimtazama kwa pembeni mama aliyeshushwa kwenye gunia, na moyoni akafurahi. Alifurahi sana. Miaka ilivyokwenda aliikumbuka furaha ile, na kila alipoikumbuka hakuipenda.

Korongo wakamchagua Jinseop alipomaliza shule. Soko zima lilipiga makofi. Sunbok aliwapa wateja wote supu ya bure siku ile, na akatundika ukutani fulana ya mwanawe yenye namba hamsini na tatu. Kisha ikaja miaka tisa ya benchi. Kituo cha pili kilikuwa cha nahodha, Ma Taesik, mtu wa mabega mapana ambaye hakuumwa hata mafua. Jinseop aliingizwa mwishoni mwa mchezo, kukimbia badala ya mzito fulani au kulinda wakati ushindi umeshapatikana na watu wanakunja mikeka. Alidaka vizuri. Kupiga ndiko kulikomshinda, kwa sababu mkono usiopiga kila siku husahau. Na alipokosa, kesho yake walikuja kwenye mgahawa wa mama yake kumsema.

Walikuwa watatu wa kudumu. Wa kwanza Pyo Chilbok, muuza misumari na rangi, mwenyekiti wa chama cha mashabiki, mtu wa kusafisha koo kabla ya kila sentensi. Wa pili Ki Dalsu, dereva wa teksi, ambaye sauti yake ilifika kwa wauza samaki hata milango ikifungwa. Wa tatu Ban Juri, binti wa duka la dawa, mwenye adabu, mwenye simu, mwenye namba. Juri hakutukana mtu. Alikuwa na namba moja ambayo, kwa maelezo yake, huonyesha mchezaji mmoja ameiongezea timu ushindi mara ngapi kuliko mtu yeyote wa kuokotwa timu ya pili. Namba ya Taesik ilikuwa nne na ushee. Namba ya Jinseop ilikuwa chini ya sifuri. Aliitamka taratibu, kwa huruma, na Sunbok angeona heri kofi.

"Utusamehe, Mama Jinseop," Pyo alizoea kusema kabla ya kuanza. "Haya ni mambo ya besiboli tu."

"Endeleeni," Sunbok alizoea kujibu, na kisu kikashuka juu ya unga.

Jinseop mwenyewe alijua. Alipokuja kumwona mama yake alipitia mlango wa nyuma, akala amesimama karibu na pipa la kabichi, na kabla ya kuondoka aliuliza kila mara, kama anauliza hali ya hewa: "Wa jiko wanasemaje?" Naye mama alijibu: "Wanakula."

Mwaka ninaosimulia, Korongo walimnunua Cha Dohyeok, mpiga mipira ya mbali kutoka klabu moja ya Seoul, kwa pesa ambazo Dalsu alizitaja mara tatu ili azisikie vizuri yeye mwenyewe. Ligi yetu ina sheria yake: ukinunua mkubwa wa namna ile, klabu uliyomnyang'anya inakuja nyumbani kwako na kuchukua mtu mmoja. Wewe unaruhusiwa kuwafungia ndani ishirini wasioguswa. Waliobaki wote wako mlangoni, na mgeni anachagua. Klabu haitangazi imewafungia akina nani, kwa hiyo nchi nzima hukaa kwenye majiko na kufungia kwa niaba yake.

Jumatatu ile Jinseop alikuja kwa mlango wa nyuma, na safari hii alikaa.

"Mama, mlinzi wa Seoul wa kituo cha pili amestaafu," alisema. "Wakiniacha nje, na Seoul wakanichukua, nitacheza kila siku. Wakiniacha nje, na Seoul wasinichukue, mwezi wa kwanza nitaitwa ofisini nikabidhi vifaa. Nina miaka ishirini na tisa. Hakuna mwingine atakayenipigia simu."

"Na wakikufungia ndani?"

Akacheka kidogo. "Mama. Nani atanifungia mimi?"

Kwa hiyo Sunbok alipowasikia wale watatu wakivuta viti siku iliyofuata, moyo wake ulikuwa unavutwa pande mbili. Alitaka mwanawe aachwe nje. Na alikuwa tayari kumchukia yeyote atakayemwacha.

Walifungia watu kwa makombe ya chaza. Ulikuwa mchezo wao wa kila mwaka: wakimaliza supu, walichukua makombe matupu, Juri akaandika majina juu yake kwa kalamu ya wino, na ishirini yakapangwa upande wa jiko, penye joto. Yaliyobaki yalirudi kwenye bakuli la taka. Taesik alikuwa wa kwanza. Warushaji wakafuata, wakagombana kwa sauti juu ya kijana mmoja aliyepasuliwa kiwiko, Dalsu akiapa kwamba kiwiko kilichopasuliwa ni kipya kuliko kisichopasuliwa. Walipofika kumi na tisa, Juri akainua kombe moja na kulisoma bila sauti.

"Jinseop je?" Pyo akasafisha koo, akatupa jicho jikoni. "Mama Jinseop, utusamehe."

"Endeleeni."

"Kaka mkubwa, usinivunje mbavu," Dalsu akasema. "Miaka tisa! Mama mkwe wangu ana goti la chuma, na bado angefika kituo cha kwanza kabla yake."

"Anadaka lakini," Pyo akasema.

"Hata kikapu kinadaka. Juri, mpe namba yake."

"Chini ya sifuri," Juri akasema polepole. "Yaani, samahani, lakini ukiweka kiti pale kituo cha pili kisikaliwe na mtu, hasara ni ile ile."

Dalsu akacheka hadi tambi ikamtoka puani. Naapa. Ilimtoka puani, akaifuta kwa mkono ule ule aliochukulia kombe. "Hata wamtoe bure," akasema, "na gunia la mchele juu yake, Seoul hawamtaki!" Akalitupa kombe la Jinseop kwenye bakuli, likalia juu ya maganda mengine.

Sunbok hakujikata kidole. Kisu chake hakikuyumba. Lakini kinyaa kilimpanda, akamtazama mtu mzima yule na kamasi yake ya supu na akajiuliza amemlisha miaka mingapi. Baadaye, akiosha vyombo, alilitoa kombe lile kwenye taka, akalisugua mpaka jina likatoka, akaliweka dirishani. Hakujua kwa nini. Pengine hakutaka lilale na mabaki ya Dalsu.

Ijumaa mchana Juri aliingia mbio na koti lake jeupe la duka la dawa, simu mkononi. Pyo na Dalsu walikuwa ndio kwanza wanapuliza supu.

"Seoul wamechagua!"

"Kiwiko," Dalsu akasema. "Wamemchukua yule wa kiwiko, nilijua, wezi wakubwa."

"Siye. Ni Jinseop. Yeo Jinseop."

Birika lilikuwa linachemka na hakuna aliyelishusha. Sunbok aliweka mwiko chini, akapita mlango wa nyuma, akaingiza mikono yote miwili kwenye pipa la kabichi ya chumvi, kwa kuwa ilikuwa wiki ya kutengeneza kimchi, achari yetu ya kabichi, na pipa ndilo lililokuwa karibu. Akacheka peke yake kama mwendawazimu, machozi yakimwangukia kwenye kabichi. Wamemtaka. Katika wote walioachwa mlangoni, mtu kutoka Seoul amenyoosha kidole akasema, yule. Alitamani mume wake awe hai kwa nusu saa tu.

Alipojifuta uso na kurudi ndani, alikuta watu wengine. Sura zilikuwa zile zile.

"Tumeibiwa!" Dalsu alikuwa amesimama, uso mwekundu. "Mtoto wetu! Mtoto wa soko hili! Miaka tisa tumemlea, halafu wanamwacha mlangoni kama viatu!"

"Ni aibu," Pyo alikuwa anasema. "Ni aibu ya kihistoria. Uaminifu wote ule. Kijana hakuwahi kulalamika."

"Na ulinzi wake!" Juri alikuwa anapekua simu. "Mimi nilijumlisha na kupiga kwake humo humo. Ukitoa kupiga, ukaangalia mikono tu, kwa kila mpira uliomfikia, ni wa nne ligi nzima. Wa nne! Sijui kwa nini sikuliona hili."

Sunbok alisimama na mwiko wake. Alikuwa ameshuhudia mengi kwenye mgahawa ule: ndoa kuvunjwa kwa ujumbe wa simu, mtu kukana deni mbele ya aliyemdai. Hakuwahi kuona kitu cha kuchefua kama kile. Mtu ambaye Jumanne alikuwa kikapu, Ijumaa alikuwa hazina, na kilichobadilika kati ya siku hizo si kidole kimoja cha Jinseop. Kilichobadilika ni kwamba mwingine amemtamani.

"Mama Jinseop," Dalsu akasema, na macho yake, ya kweli kabisa, yalikuwa yamelowa, "tunakulilia."

"Supu yako inapoa," Sunbok akamwambia.

Yangeishia pale, ningesema ni upumbavu wa kawaida. Lakini mashabiki wetu wakiudhika hawalali, huchanga. Kufikia Jumamosi asubuhi chama kilikuwa kimekodi lori la skrini. Ni gari lenye skrini kubwa ubavuni, la kukodi kwa siku, ambalo siku hizi watu hulipeleka likamzomee tajiri mlangoni pake ili wao wenyewe wasipigwe na baridi. Litasimama mbele ya ofisi za kampuni ya saruji inayomiliki klabu. Na pamoja na lori, wakaagiza shada la maua.

Walilileta mgahawani kwanza, ili mama alione. Pyo na Dalsu walilibeba pamoja, kubwa kuliko mtu, maua meupe kama yanayopangwa kwenye ukumbi wa msiba, na tepe mbili nyeusi zikining'inia mbele. Huwa wanaandika kwamba klabu imekufa, au heshima imekufa, na wanalisimamisha mlangoni kwa wakubwa. Hilo limezoeleka. Lakini hawa, kwa uchungu wao mpya, walitaka liguse moyo zaidi. Kwenye utepe wa kulia waliandika: Chama cha Mashabiki wa Korongo. Kwenye utepe wa kushoto, kwa herufi nyeupe nzuri: Buriani, Yeo Jinseop wetu.

"Tumelipia maua yenyewe kabisa, si ya plastiki," Pyo akasema, akasafisha koo. "Na kesho kutwa lori likisimama pale, tungeomba wewe, kama mama, usimame kando yake kidogo. Watu wa televisheni watakuja. Ushike picha yake tu."

Sunbok aliusoma utepe. Akausoma tena. Jina la mwanawe, aliye hai, aliyekuwa nyumbani wakati huo akifunga masanduku yake, limeandikwa jeupe juu ya jeusi katikati ya maua ya maiti.

Akachukua mkasi wa tambi kwenye mfuko wa aproni, akaukata utepe juu, ukaanguka. Akauinamia, akaukata vipande vitatu, akavitia ndani ya jiko, moshi wake ukanuka vibaya.

"Mama Jinseop!"

"Gunia la mchele liko wapi?" akauliza.

"Gunia gani?"

"La Seoul. Mlisema hawamchukui hata kwa gunia juu. Nimeona wamemchukua bila gunia. Kwa hiyo nani analipa? Wewe, Dalsu? Mama mkwe wako na goti lake hajambo? Na kiti, Juri, mmekipata kiti cha kuweka kituo cha pili?" Sauti yake haikupanda, na ndiyo iliyowatisha. "Miaka tisa mtoto wangu anaingia nyumbani kwa mama yake kwa mlango wa nyuma kama mwizi, kwa sababu nyinyi mmeketi mbele mnatafuna. Leo mnaniletea maua. Mnanitia kinyaa. Nyote. Natamani nimwage kila bakuli mlilowahi kunywea."

Juri alianza kulia. Dalsu alitazama viatu vyake. Ni Pyo aliyejibu, na hakusafisha koo.

"Ni kweli, tumesema," akasema. "Lakini na wewe, dada yetu. Mwaka ule Taesik alipoanguka na kushika goti, kabla hajasimama tena, sote hapa tulinyamaza. Ni wewe uliyesema, ukiwa pale pale ulipo: Mungu aliozeshe. Nilikusikia. Taesik naye ana mama. Yuko Iksan, anauza vitunguu."

Sunbok alikuwa amelisema kweli. Na halikumponyoka kwa hasira. Alilisema akijua anachosema, na usiku ule alilala vizuri. Kinyaa alichokuwa amewamwagia wale watatu kilimrudia chote, na hakikuwa na pengine pa kwenda.

"Ondoeni maua yenu," akasema.

Wakayaondoa. Siku mbili hawakuja, na jiko liliwaka kwa ajili ya birika.

Jumatatu alasiri Jinseop alipita akienda kupanda basi la Seoul. Safari hii mama yake alimfungulia mlango wa mbele, akamketisha kwenye meza ya karibu na jiko, akamwekea bakuli lenye chaza nyingi kuliko tambi. Alikula bila kunyanyua kichwa, kama alivyokula akiwa na miaka kumi na sita. Masanduku mawili na mfuko wa magongo vilikuwa mlangoni. Mama alikuwa amemfungia kimchi kwenye ndoo, kwa plastiki tatu, na alikuwa amemwambia mara nne asiilaze ndoo kwenye basi.

Alipomaliza, akatazama viti vitupu.

"Wa jiko wanasemaje?"

Hili ndilo swali alilouliza miaka tisa, na kwa mara ya kwanza mama yake alikuwa na jibu zuri la kumpa. Wanalia, mwanangu. Wamekodi lori. Juri amegundua wewe ni wa nne ligi nzima. Yote yalikuwa kweli. Angempaje mtoto wake sifa zilizotoka kwenye midomo ile, zimeoza kabla hazijafika? Aliona heri asimpe chochote.

"Hawajaja," akasema. "Baridi."

Jinseop akatikisa kichwa. Alitikisa kwa namna ya mtu aliyeuliza tu, ambaye hakutegemea kitu. Lakini Sunbok alikuwa mama yake, na aliyaona mabega yakishuka. Kumbe kijana alikuwa anataka. Pamoja na yote, pamoja na mlango wa nyuma na tambi za puani, alitaka watu wa kwao waseme kitu anapoondoka. Akainama mara mbili mlangoni, mara ya kwanza kwa mama na mara ya pili kwa fulana yake mwenyewe ukutani, kwa mzaha, akachukua ndoo, akaenda.

Sunbok alimenya vitunguu saumu alasiri yote iliyobaki. Hakukuwa na haja ya vitunguu saumu.

Ilipofika jioni theluji nyembamba ikawa inaanguka, na mwanga ukaingia dirishani, wa ajabu, wa kijani kisha mweupe. Akadhani kuna moto kwa wauza samaki. Akatoka na aproni yake. Lori la skrini lilikuwa limesimama mbele ya mgahawa, limeziba nusu ya njia, na ubavuni mwake, kutoka juu hadi chini, mkubwa kuliko mlango wa ghala, ulikuwa uso wa Jinseop.

Haikuwa picha ya kutafutwa haraka. Mtu alikuwa amepekua. Ilikuwa ya mwaka wa pili, mvua inanyesha, Jinseop amejirusha chini na mpira umeingia kwenye glavu kwa ncha tu, matope mashavuni, anacheka. Juri, bila shaka. Nani mwingine huhifadhi vitu vile. Picha ikaondoka, yakaja maandishi: MTOTO WETU. MIKONO YA GUNSAN. TULIKUSEMA VIBAYA. Kisha uso tena.

Dereva akashusha kioo. Alikuwa mtu wa Incheon, mchovu, hajui besiboli hata kidogo. "Wewe ndiye mama wa mgahawa? Mwenyekiti kasema nikitoka kule kwa saruji nije nimalizie hapa. Mpaka saa kumi na mbili." Akakitazama kioo chake cha pembeni, akashusha sauti. "Pole, mama. Amekufa lini?"

"Hajafa," Sunbok akasema. "Amehama."

"Aa."

Watu wa samaki wakavu walitoka kutazama. Upande wa pili wa njia, nyuma ya mizani, alimwona Dalsu amesimama na kofia mkononi, theluji inamwangukia upara, hathubutu kuvuka. Alimwona, na kinyaa kilikuwapo bado, hakijapungua hata chembe. Alikuwa na hakika kwamba Aprili, Jinseop atakapokuja na fulana ya Seoul na kuwazuia Korongo mpira mmoja, mdomo ule ule utamwita msaliti. Alijua hata sauti atakayoitumia. Na pamoja na kujua hivyo hakuweza kuyaondoa macho yake kwenye skrini, kwa kuwa miaka tisa alikuwa ametaka kumwona mwanawe kwa ukubwa ule na hakuwahi kumwambia mtu.

Akatoa simu kwenye mfuko wa aproni. Vidole vilinuka vitunguu saumu na vilikuwa na baridi, akakosea kubonyeza mara mbili. Akampigia Jinseop simu ya video, akaielekeza kwenye lori, akaishika juu kwa mikono yote miwili. Iliita. Basi lilikuwa limeshafika mbali na pengine alikuwa amelala, ameegemea dirisha, ndoo ya kimchi katikati ya miguu. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena.

Skrini ikaandika TULIKUSEMA VIBAYA, ikarudisha uso.

Dereva akatazama saa, akatoa kichwa nje. "Mama, saa kumi na mbili imefika. Nizime?"

"Bado," Sunbok akasema, simu juu, theluji ikimwingia mikononi. "Hajapokea."